Samaki Ngege na Jicho la Wavu

Watu wakaao kando ya Ziwa Victoria wamjua ngege tangu zamani za babu zao. Asili yake ni ziwa hilo na Ziwa Kyoga, pamoja na maziwa madogo ya jirani. Mwaka 1928 Bwana Michael Graham, mtaalamu aliyetoka Uingereza kuchunguza hali ya uvuvi, alimwandika kwa jina la Kilatini, Tilapia esculenta, maana yake ni afaaye kuliwa. Na aliyepata kumwonja ngege hatalistaajabia jina hilo.

Yafaa ijulikane namna azaavyo. Dume huchimba shimo sakafuni mwa ziwa, jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai yake na kuyatia kinywani. Humo ndimo yaanguliwamo, na hata watoto wakiisha kuogelea, waonapo hatari hukimbilia kinywani mwa mama yao. Basi mayai yawezayo kuenea humo ni mamia tu, wala si maelfu kwa maelfu kama ya samaki watagao na kwenda zao. Kwa hiyo jike mmoja akinaswa kabla ya kuzaa, hasara si ya samaki mmoja.

Hapo kwanza wavuvi walitumia migono, na kuta za mafunjo zilizokokotwa karibu na ufuko. Mwaka 1905 ziliingia nyavu za kitani kutoka Ulaya. Zilinasa samaki wengi mno, hata baada ya miaka kadhaa kila wavu ukaleta haba, na wavuvi wakageukia nyavu za macho madogo ili wasirudi mikono mitupu. Bwana Graham akashauri jicho la wavu lisipungue inchi 5, samaki wachanga wapate kupenya, wakue na kuzaa. Amri ikatolewa katika miaka ya 1930. Lakini nani atakagua mitumbwi ya ziwa zima usiku wa manane? Katikati ya miaka ya 1950 ikaondolewa Uganda na Tanganyika, na mwaka 1961 Kenya.

Nyakati zile zile wakatiwa ziwani sangara, alaye samaki wenziwe, na sato wa Nile, amshindaye ngege kwa chakula na mahali pa kuzalia. Ngege akatoweka karibu kabisa katika ziwa kubwa. Amesalia katika maziwa madogo, kama Kanyaboli huko Siaya, Kenya, lililotengwa na ziwa kubwa kwa kinamasi cha Yala. Maji ya mle mafunjoni yana hewa haba, na sangara hawezi kuyapita. Sehemu ya kinamasi hicho imekwisha kukaushwa kuwa mashamba.