Mtambo wa Gesi Usitufie Mikononi

Kikundi kimechanga pesa, fundi amechimba na kujenga, na siku ya kuwasha jiko watu wamekula na kufurahi. Mwaka haujaisha, mama amerudi kubeba kuni. Ukiuliza unaambiwa, "Gesi ilikataa." Ndugu zangu, gesi haikatai bure. Mara nyingi shida ni matunzo.

Ndani ya shimo mna vijidudu vinavyokula kinyesi cha ng'ombe na kutoa gesi. Vichukulie kama mifugo: vinataka kulishwa kila siku, na havitaki sumu.

1. Chakula. Changanya ndoo moja ya kinyesi kibichi na ndoo moja ya maji. Koroga vizuri, toa nyasi, mawe na mchanga. Nyasi huelea na kufanya utando mgumu; mchanga hutuama na kujaza shimo.

2. Sumu. Maji ya sabuni na dawa ya kuogeshea ng'ombe yasiingie kamwe. Ng'ombe akidungwa dawa ya kuua viini, kinyesi chake kiweke kando mpaka dawa imwishe mwilini.

3. Moto unarukaruka? Maji yamejaa kwenye bomba. Gesi hutoka na mvuke, nao ukipoa hugeuka maji. Fungua koki ya kutolea maji. Moto ukiwa wa manjano, ongeza hewa kwenye tundu la jiko mpaka uwe wa buluu.

4. Gesi inapungua? Paka povu la sabuni kwenye viungio vya bomba. Povu likifura, hapo panavuja. Usitafute kwa kiberiti! Usipoziba ufa utajenga ukuta.

5. HATARI. Usiingie shimoni, hata kama tope limetolewa. Mle hakuna hewa ya kupumua. Mtu huzimia kabla hajapiga kelele, na anayeshuka kumwokoa huanguka naye pia. Kazi hiyo mwachieni fundi mwenye vifaa.

Tope linalotoka msilitupe. Ni mbolea nzuri ya mahindi na sukuma wiki. Lifunikeni, jua lisiinyonye nguvu.

Basi, katika mkutano ujao chagueni mtu mmoja wa kukagua kila mtambo mara moja kwa mwezi na kuandika kwenye daftari. Tena, kila mtu nyumbani, hata watoto, ajue kazi hii. Mtambo unaojulikana na baba peke yake hulala njaa siku anaposafiri.