Sheria Ikigongana na Imani: Tukumbuke Mlolongo

Swali hili huulizwa sana vikundini: Mkristo anaweza kukataa amri ya serikali? Mmoja hufungua Warumi 13 akasema hapana, mamlaka yatiiwe. Mwingine hufungua Matendo 5, pale mitume walipokataa kunyamazishwa na baraza. Kila mtu anarudi nyumbani na mstari wake. Afadhali tuangalie jambo lililotupata hapa hapa Kenya. Wazee wanalikumbuka, vijana waulize.

Mwaka 1986 KANU iliamua wagombea wateuliwe kwa mlolongo. Hakuna karatasi ya kura: unasimama nyuma ya mtu aliyeshika picha ya mgombea wako, unahesabiwa. Tangu 1982 KANU ndicho kilikuwa chama cha pekee kisheria, kwa hivyo hapakuwa na mlango mwingine. Tena aliyepata asilimia 70 kwenye foleni alipita moja kwa moja, bila kura ya siri.

Agosti mwaka huo wachungaji wapatao 1,200 wa NCCK walikutana Nairobi wakasema hawatapanga foleni. Sababu yao hata mama muuza mboga aliielewa. Mchungaji akionekana nyuma ya picha ya fulani, wale wa upande wa pili watakuja kwake aje Jumapili? Na kibarua je, atasimama wapi huku mwenye shamba akimtazama?

Angalieni walivyofanya. Hawakuambia watu waache kulipa kodi ama kumheshimu chifu. Walikataa jambo moja, mchana, wakatoa sababu. Serikali ikalegeza: viongozi wa dini wasilazimike kupanga foleni. Kwa maoni yetu huo ndio ulikuwa mtihani mkubwa zaidi, maana mchungaji ameponyoka lakini muumini bado yuko kwenye mstari. Maaskofu Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge hawakunyamaza.

Uchaguzi wa 1988 ukaja, na mahali pengi wenye foleni fupi wakatangazwa washindi. Beyond, gazeti la NCCK, liliandika juu ya wizi huo, likapigwa marufuku. Mwaka 1989 majambazi walivamia nyumba ya Askofu Gitari usiku, akaokoka kwa kupanda juu ya paa. Mlolongo uliondolewa Desemba 1990.

Waliokataa ndio waliobeba gharama. Hicho ni kipimo kizuri. Mzazi anayetaja imani ili mtoto asipate chanjo ama asiende shule hajibebei gharama yake, anambebesha mtoto.

Leo Katiba ya 2010 inatulinda. Kifungu cha 32 kinakataza mtu kulazimishwa kufanya jambo lililo kinyume cha imani yake, na hiyo ni haki ya jirani Mwislamu pia, si yetu peke yetu. Kifungu cha 81 kinataka kura iwe ya siri.

Lakini kabla kikundi hakijakataa lolote, hakikisheni kwanza kama ni sheria kweli ama ni neno la mkubwa fulani. Mkiambiwa barazani "ni sheria," ombeni kwa heshima mwonyeshwe imeandikwa wapi, na katibu aandike jibu kwenye kitabu cha mikutano pamoja na tarehe.