Nywele za Ukingoni

Ukimshuku punda kuwa ana choa, usihangaike na katikati ya doa. Hilo ndilo lililoniganda kichwani tangu nilipomtazama afisa mifugo mmoja wa Handeni (wafugaji wote humwita daktari) akimwinamia punda jike aliyetoka kushushwa madumu ya maji.

Madoa yalikuwa mgongoni, palepale gunia la matandiko linapokaa: mviringo, nywele zimenyonyoka, magamba ya kijivu. Daktari alivaa glavu, akaruka katikati bila kupagusa, akapeleka kibanio ukingoni, mpaka wa ngozi mbovu na nzima. Akang'oa nywele zilizokatikakatika, pamoja na mashina yake, akakwangua na magamba kidogo. Katikati, anasema, fangasi wamekwisha kula wakahama. Walio hai wako pembeni, wanasonga mbele. Nywele akazitia kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki haufai: unyevu ukijifungia humo, bakteria huota na kuharibu sampuli.

Maabara hulainisha nywele hizo kwa potasiamu haidroksaidi, kisha hadubini huonyesha vijimbegu vilivyouzingira unywele. Kuotesha fangasi wenyewe huweza kuchukua wiki mbili hadi nne. Wengi hawasubiri, wanakimbilia sindano ya ivermektini. Hiyo, daktari anasisitiza, ni ya utitiri, haimgusi fangasi. Punda mwenye utitiri hajizuii kujikuna, atajisugua hadi mtini. Wa choa mara nyingi ametulia tu.

Tiba ni ya subira: punguza nywele kuzunguka doa uzichome moto, osha, paka iodini au dawa ya fangasi, rudia. Choa huweza kupona chenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12, lakini muda wote huo kinaambukiza, hata watoto wanaomshika punda.

Na nani atoe hela ya dawa kwa mnyama asiyeliwa wala kukamuliwa? Februari 2024 Umoja wa Afrika ulisimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Ngozi ya punda aliye hai haina wa kuigombea. Na bado maji humtegemea yeye: mradi wa maji uitwao HTM huvuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe kuyaleta Handeni. Bomba lisipofika, mgongo huuhuu ndio unaofika. Punda apumzishwe mwezi, maji yabebwe na nani? Daktari hakuwa na jibu, nami sina.

Kinachomsumbua yeye zaidi ni vifaa. Vijimbegu huweza kukaa hai kwenye gunia na kamba mwaka mzima na zaidi, na kijijini vitu hivyo huazimwa kama chumvi. Akamwagiza mama mwenye punda: gunia lichomwe, kamba isitoke nyumbani.

"Kamba yenyewe ya jirani, daktari," mama akajibu.

Daktari akauliza jirani ana punda wangapi.