Kabla hujaongeza pleti za springi kwenye pikapu yako

Msimu wa mavuno ukifika, gereji za Singida Mjini, Ikungi, Kiomboi na Manyoni hupata kazi moja inayojirudia. Pikapu ya zamani inaingia, nyuma imekaa chini, na mwenye gari anasema, "Fundi, niongezee springi." Alizeti ipo shambani, vitunguu vinasubiriwa soko la Misuna, na hakuna anayetaka kwenda safari mbili kwa mzigo ambao anaamini utaenda kwa safari moja. Jioni gari linatoka gereji limeinua mgongo kama paka aliyeona mbwa, na mwenye gari anaondoka ameridhika.

Wiki mbili baadaye malalamiko yanaanza. Gari likiwa tupu linadunda, nyuma inaruka pembeni kwenye kona za vumbi, usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi. Wasikilizaji wenye pikapu wametuuliza mara nyingi: gari limeimarishwa, sasa mbona halishiki njia? Tumeona tuliandike jambo hili kwa kirefu, maana redioni muda hautoshi na hapa unaweza kumsomea fundi wako.

Jibu fupi ni kwamba kuimarisha gari libebe mzigo na kuliimarisha lishike njia ni kazi mbili tofauti, na mara nyingi moja inaiharibu nyingine.

Tuanze na springi yenyewe. Pikapu nyingi za zamani tulizonazo huku, yaani Hilux za miaka ya 1980 na 1990, Land Cruiser pikapu, na zile Land Rover 109 chache ambazo bado zinapumua, zina springi za pleti nyuma, na nyingine hata mbele. Ni vyuma vyembamba vilivyopinda, vimelazwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja katikati kwa senta bolti, kisha vikabanwa kwenye ekseli kwa yubolti. Springi ya namna hii ina kazi mbili. Inabeba uzito, na wakati huohuo ndiyo inayoishika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Ndiyo maana imedumu. Land Rover ilipoleta One Ten mwaka 1983 ilihamia kwenye springi za mviringo, na Toyota iliziweka mbele ya Land Cruiser pikapu mwaka 1999, lakini nyuma, mahali pa mzigo, Toyota iliziacha pleti zake. Springi ya mviringo inalainisha safari, ila yenyewe haiwezi kuishika ekseli. Inahitaji mikono ya chuma ya kuizuia. Kwa hiyo ukimsikia mtu anataka kuchomelea springi za mviringo nyuma ya Hilux yake ya mwaka 1990 ili "iwe kama ya kisasa", mshauri atulie kwanza.

Sasa hesabu kidogo. Tuseme springi yako ina pleti tano na fundi ameongeza mbili zenye unene uleule na urefu unaokaribiana. Ugumu wake umepanda kama sehemu mbili kwa tano, yaani karibu asilimia 40. Hiyo ni nyingi, lakini bado ni afadhali. Shida kubwa ni pale pleti inapotoka kwenye lori. Ugumu wa pleti hauendi sambamba na unene. Unene ukiwa mara mbili, ugumu unakuwa mara nane. Pleti ya milimita 8 ina ugumu zaidi ya mara mbili ya pleti ya milimita 6 yenye upana na urefu uleule. Kwa macho tofauti yake ni ndogo kuliko unene wa kiberiti. Barabarani ni gari jingine kabisa.

Gari likiwa na tani moja mgongoni, springi hiyo ngumu inafanya kazi vizuri. Lakini mwenye pikapu hatembei na tani moja kila siku. Anarudi tupu kutoka mnadani, au na magunia mawili ya pumba na mtoto wa shule aliyeomba lifti. Hapo springi ngumu haikunjiki. Barabara zetu za vumbi, kwa mfano zile za kutoka lami kuingia vijiji vya Mkalama au Ikungi, kiangazi hujaa vijituta vidogo vilivyojipanga kama migongo ya bati. Tairi likigonga kijituta, springi laini ingeinuka na kurudi, tairi likabaki limekanyaga chini. Springi ngumu inalirusha tairi hewani. Tairi lililoko hewani halina breki wala halishiki kona. Linganisha na mkokoteni wa punda usio na springi kabisa, unaporudi mtupu kwa mwendo wa kasi: unaruka huku na huko, na punda ndiye anayeamua mwelekeo.

Sehemu inayofuata ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya, kwa sababu tunaona madereva wengi hawaijui na baadhi ya mafundi huipuuza. Lala chini ya Hilux ya zamani, utazame juu ya ekseli ya nyuma. Kwenye nyingi utakuta valvu ndogo imefungwa kwenye chasisi, na fimbo nyembamba ya chuma inayotoka kwenye valvu hiyo kwenda kushikana na ekseli. Watu huiona kama kipande kisicho na kazi. Kumbe ndiyo inayogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma kulingana na mzigo. Gari likibeba mzigo, chasisi inashuka kuisogelea ekseli, fimbo inasukumwa, na valvu inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi kwa kuwa sasa kuna uzito wa kuyakandamiza matairi. Gari likiwa tupu, chasisi inapanda, na valvu inapunguza nguvu ya nyuma ili matairi yasigande na gari kugeuka mgongo mbele.

Fikiria sasa umeongeza pleti. Nyuma imepanda, tuseme sentimita saba. Umepakia magunia kumi, lakini kwa kuwa springi ni ngumu, chasisi haikushuka sana. Valvu haijui habari za magunia. Inachojua ni kimo, na kimo kinaiambia kwamba gari ni tupu. Basi inazipunguzia nguvu breki za nyuma siku ileile unapozihitaji kuliko siku zote, na kazi yote inaangukia breki za mbele.

Ukiwa kwenye tambarare ya Ikungi unaweza kwenda miezi usigundue kitu. Lakini toka Singida kuelekea Nzega, upite Misigiri, uanze kushuka Sekenke kwenda Shelui na mzigo mgongoni. Madereva wa malori wanaufahamu mteremko huo na wanauheshimu. Breki za mbele zinazofanya kazi peke yake kwenye mteremko mrefu hupata moto, na breki iliyopata moto sana hupungua nguvu hata ukikanyaga mpaka mwisho.

Dawa yake haina gharama kubwa: springi zikibadilishwa kimo, fimbo ile irekebishwe au mahali inaposhikana na ekseli painuliwe kwa kiasi kilekile gari lilichopanda. Kuifunga valvu kwa waya ili "iache usumbufu" kunalihamishia tatizo upande wa pili: gari likiwa tupu na barabara imelowa, nyuma inaweza kuganda na kuteleza.

Basi anayetaka pikapu yake ishike njia aanzie wapi? Tungemwambia aanzie kwenye vitu vilivyochakaa, kabla ya kununua kitu chochote cha kuongeza. Gari la miaka thelathini likiyumba, mara nyingi halijapungukiwa springi. Bushi zake zimekwisha. Bushi ni zile raba kwenye macho ya springi, na kwenye vile vyuma vinavyobembea mwishoni mwake. Raba ikiisha, ekseli nzima inapata nafasi ya kutembea kidogo, na dereva anahisi kama kuna mtu nyuma anausukuma usukani wake. Bushi mpya huleta mabadiliko ambayo mtu hategemei kwa kitu kidogo namna hiyo. Kuna jambo moja fundi asilisahau: bolti za bushi za raba zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake, si likiwa linaning'inia kwenye jeki. Zikikazwa likiwa linaning'inia, raba inabaki imejinyonga muda wote na kukatika mapema.

Na tafadhali, tabia ya kumwagia springi oili chafu ili zisipige kelele iachwe. Oili inakula raba za bushi, na ikichanganyika na vumbi letu inakuwa msasa katikati ya pleti.

Shokapu nazo husahaulika, kwa sababu gari linatembea hata zikiwa zimekufa. Springi inabeba, shokapu inaituliza springi isiendelee kudunda. Ndani yake kuna oili inayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na ule mdundo unageuka kuwa joto. Hapo ndipo kuna kipimo kinachomfaa hata mtu asiye fundi. Endesha kama kilomita 15 kwenye barabara mbovu, simama, kisha ziguse shokapu zote nne kwa tahadhari, ukikaa mbali na bomba la moshi. Zinapaswa kuwa na joto linalokaribiana. Ile iliyobaki ya baridi haifanyi kazi. Yenye unyevu wa oili mwilini nayo imekwisha. Zibadilishwe mbili kwa pamoja, kushoto na kulia.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie springi. Kwa anayebeba mzigo siku chache na kutembea mtupu siku nyingi, kinachofaa ni pleti ya msaada: pleti moja nene, iliyonyooka, inayokaa chini kabisa ya nyingine. Gari likiwa tupu haigusi sana kazi. Mzigo ukiikandamiza springi, pleti zilizopinda zinashuka na kuikuta, nayo inaanza kusaidia. Pikapu nyingi zilitoka kiwandani na pleti ya namna hiyo, ila baada ya mikono mingi ya mafundi imetolewa, au imewekwa nyingine iliyopinda inayofanya kazi muda wote. Mwambie fundi aitazame kabla hajaongeza kitu.

Kama pleti zako zimelala kwa uzee, tafuta seti nzima ya gari la aina yako, hata ya mtumba, kuliko kuchanganya moja ya Hilux, moja ya Canter na moja ambayo hakuna anayejua ilikotoka. Kugongwa upya kwa nyundo huinua gari kwa miezi michache, kisha hulala tena. Kuchomelea pleti iliyokatika tunakupinga moja kwa moja. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa, na moto wa kuchomelea unauharibu. Kitakatika tena pembeni ya ule mshono, na kwa kuwa springi ndiyo inayoishika ekseli, hutapenda ikatike ukiwa mwendo wa kasi.

Kuhusu mbele tutasema machache. Kwenye Hilux zenye tosheni baa, kuikaza kunainua pua ya gari lakini hakuongezi ugumu wake. Kunapunguza nafasi ya tairi kushuka shimoni na kuzichosha bolijointi. Kwenye zile za ekseli nzima yenye pleti, kurefusha vile vyuma vinavyobembea kunabadilisha pembe ya ekseli, na matokeo yake usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Vipande vya chuma au mbao kati ya springi na ekseli ya mbele visiwekwe kabisa. Na kazi yoyote ya mbele ikiisha, gari lipelekwe alaimenti.

Kuna swali moja ambalo fundi hulijibu kwa kunyamaza: je, baada ya kuongeza springi gari linaruhusiwa kubeba zaidi? Hapana. Breki ni zilezile, beringi ni zilezile, matairi, chasisi na difu ni vilevile. Hilux ya aina hiyo ilitengenezwa kwa mzigo wa takriban tani moja. Magunia kumi ya kilo mia mia tayari ni tani moja, hata kabla hujahesabu lumbesa, na kabla hujawahesabu wale watu watano waliokaa juu yake. Hao watano ndio wabaya zaidi kwa kona, maana uzito wao uko juu, na uzito ulioko juu ndio unaopindua gari. Kupakia mzigo mzito chini, karibu na kichwa cha gari, kunasaidia ushikaji njia kuliko springi yoyote utakayonunua, na hakuna malipo.

Kazi ikikamilika usiende nayo moja kwa moja safari ya mbali. Endesha kwanza likiwa tupu, barabara ya vumbi, mwendo mdogo, ukiusikiliza usukani. Pakia nusu ya mzigo, urudie. Mwombe mtu asimame mbali nyuma yako akuangalie ukienda: kama gari linatembea kombo, matairi ya nyuma hayafuati ya mbele, senta bolti haijakaa kwenye tundu lake au imekatika. Usiku washa taa na uone zinamulika wapi, kwa sababu nyuma ikipanda zinaangalia chini, na nyuma ikilala zinawapofusha wanaokuja. Kisha, baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, rudi kwa fundi akaze yubolti tena. Pleti mpya hujipanga na kubanana zikipata uzito, na yubolti iliyokuwa imekazwa vizuri siku ya Jumatatu inaweza kuwa imelegea ifikapo Ijumaa.