INTANETI YA TAA: KUMBE KINACHOIKATA NI KICHWA CHAKO



Juzi nilikuwa kwenye kafe moja hapa Mpanda mjini, kaka mwenye kafe akanigeuzia kompyuta nisome. Alikuwa amekutana na habari ya intaneti inayorushwa na taa, inaitwa Li-Fi, eti ina kasi mara 100 ya Wi-Fi. "Dogo, hii ndio dawa yetu," akaniambia. Jamaa ana akiba yake ya kuongeza kompyuta mbili, sasa anataka kuipeleka yote huko. Nikamwambia kaka subiri kwanza, niisome hii kitu. Nimesoma wiki nzima na nimejaribu na rimoti ya TV nyumbani. Haya ndio niliyoyapata.

KWANZA, HII KITU SIO NGENI

Wale waliowahi kushika Nokia za zamani wanakumbuka infraredi. Unataka mlio wa simu ya mshkaji, mnaweka simu mbili mezani, vijicho vinatazamana, halafu hakuna kugusa mpaka iishe. Mtu akizisogeza tu, imekata, mnaanza upya. Ule ulikuwa mwanga usioonekana kwa macho. Rimoti ya TV inafanya kazi hivyo hivyo mpaka leo. Kama unabisha, washa kamera ya mbele ya simu yako, elekeza rimoti kwenye kamera, bonyeza. Kwenye simu nyingi utaona kitaa kinawaka cha zambarau au cheupe, wakati kwa macho huoni kitu.

Li-Fi ni ukoo huo huo, ila umekua. Taa ya LED inaweza kupunguza na kuongeza mwanga wake mamilioni ya mara kwa sekunde moja. Jicho lako linaona taa imetulia tu, lakini kijicho cha kupokea mwanga kwenye simu au kompyuta kinasoma yale mabadiliko kama data. Jina la Li-Fi lilivuma mwaka 2011, pale Profesa Harald Haas, wakati huo yupo Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliposimama jukwaani na taa ya mezani inayorusha video. Akaweka mkono chini ya taa, video ikasimama. Akautoa, ikaendelea. Watu wakapiga makofi.

Wadau, somo lote la leo lipo kwenye ule mkono.

NJE ADUI NI UKUNGU, NDANI ADUI NI SISI

Mwanga wa intaneti umeshafanya kazi hapa hapa Afrika. Mwaka 2021 mradi wa Taara, wa kampuni mama ya Google, ulirusha intaneti kwa mwanga kuvuka mto Kongo kutoka Brazzaville hadi Kinshasa, karibu kilomita 5 hewani. Ndani ya siku 20 zilipita karibu terabaiti 700. Kule mitambo ipo juu, inatazamana, haihami. Shida yake ni ukungu, mvua kubwa, au ndege kukatiza.

Ndani ya chumba hamna ukungu. Ndani kuna watu, na watu hawatulii. Hebu tuangalie moja moja.

1. KUKATIZA. Mawimbi ya Wi-Fi yanapita kwenye ukuta mwembamba na yanazunguka mwili wa mtu. Mwanga haufanyi hivyo. Fikiria banda la video siku ya fainali, jamaa anasimama mbele ya TV na rimoti haishiki. Kwenye kafe yetu watu wanaingia na kutoka, mwingine anasimama nyuma ya kiti chako anachungulia unachosoma. Kila anayesimama kati yako na taa ni ukuta unaotembea.

2. UNAVYOSHIKA SIMU. Hapa ndipo niliposhangaa zaidi. Watafiti wa Edinburgh waliwapa watu 40 simu, wakapima wanazishika vipi wakati wanatumia intaneti. Matokeo yalichapishwa 2019. Aliyekaa anailaza simu kwa wastani wa nyuzi 41 kutoka kulala chali kabisa, anayetembea nyuzi 30 hivi. Hakuna anayeshika simu imelala chali inatazama dari! Na kijicho kikitazama pembeni kinapokea kidogo. Ukiwa chini ya taa kabisa na simu imeinama nyuzi 41, unapata kama robo tatu ya mwanga ambao ungeupata simu ikiwa chali. Ikiinama nyuzi 60 inabaki nusu. Ikisimama wima, nyuzi 90, hupati kitu moja kwa moja kutoka kwenye taa.

3. UMEKAA UMETAZAMA WAPI. Chukulia taa ipo mita 2 juu ya simu yako na mita 2 mbele yako. Umekaa unaitazama taa, maana yake simu inakutazama wewe na imeipa taa mgongo. Karibu hamna kitu. Haya, geuka uipe taa mgongo wewe. Sasa simu inaitazama taa vizuri kabisa... ila katikati kuna kichwa chako! Nimecheka peke yangu nilipoichora kwenye daftari. Kijana kainamia simu, kichwa chake mwenyewe ndio kimemkatia intaneti.

4. VIDOLE NA MFUKO. Ukicheza gemu simu unaishika kwa kuilaza, vidole vinafunika pembeni. Kijicho kikiwa hapo, kwisha habari. Na ukiitia simu mfukoni, Wi-Fi itaendelea kupakua wimbo wako, Li-Fi itakuwa gizani.

5. PAZIA NA JUA. Mchana tunafungua pazia joto lipungue. Jua lina mwanga mwingi sana, na ule wa infraredi umo. Likipiga moja kwa moja kwenye kijicho, linakizidi nguvu, ni kama kunong'onezana karibu na mashine ya kusaga. Nimejaribu na TV yetu saa kumi jioni jua linaipiga, rimoti ikashika nikiwa karibu tu.

6. KUZIMA TAA. Sisi tuliokulia kwenye umeme wa majenereta ya dizeli hatuachi taa inawaka mchana, tena units za LUKU unazinunua mwenyewe. Kama data inapita kwenye mwanga wa kuonekana, ukizima taa umezima na intaneti. Hili lina dawa: kiwango cha kimataifa kilichopitishwa 2023, kinaitwa 802.11bb, kinatumia infraredi, kwa hiyo chumba kinaweza kuwa giza na data ikapita. Umeme wenyewe ukikatika, hiyo ni habari nyingine.

SASA INAFAA KWELI?

Inafaa, tena ina uzuri wake. Mwanga hautoboi ukuta, kwa hiyo jirani hakuibii intaneti na chumba cha pili hakisumbuliwi. Ila fundi anatakiwa afunge kwa kuangalia tabia za watu. Taa moja katikati ya dari haitoshi. Ziwe kadhaa, pembe tofauti, ili mtu akikuziba hii, ile ikushike. Vijicho kwenye simu viwe zaidi ya kimoja. Ukuta mweupe nao unasaidia, maana unarudisha mwanga. Jaribu kuelekeza rimoti kwenye ukuta mweupe badala ya TV, mara nyingi inashika. Na Wi-Fi ibaki pale pale, ili mwanga ukizibwa simu ihamie huko bila wewe kujua.

Kuhusu ile mara 100: ilivuma mwaka 2015 baada ya kampuni moja ya Estonia, Velmenni, kujaribu Li-Fi na kufikia kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde. Lakini ile ni kasi ya kutoka kwenye taa hadi kwenye kifaa. Taa haileti intaneti, inaigawa tu. Kama kinachoingia kafe kutoka kwenye mnara ni kidogo, hata ukifunga taa za dhahabu utagawana kile kile kidogo. Ni kama kununua bomba pana wakati tenki halina maji.

Nilimweleza hivyo kaka mwenye kafe. Alinyamaza, akaangalia dari, akaangalia wateja wake walivyoinamia simu kila mtu na upande wake. Halafu akasema, "Basi dogo, tununue kompyuta." Akiba imepona.

Wewe unayesoma hapa, jiangalie ulivyokaa sasa hivi. Taa ipo wapi? Simu au kioo cha kompyuta kinatazama wapi? Kama ingekuwa Li-Fi ungekuwa hewani au umekatika? Andika hapo chini, na ukijaribu ile ya rimoti na ukuta tupe majibu. Kama nimekosea mahali, mafundi mnisahihishe.

Naomba kuwasilisha.