Swali la mwanangu kiwandani

Wazazi wenzangu, Jumamosi nilimpeleka mwanangu wa miaka tisa Quarry Bank, kiwanda cha nguo kilichojengwa mwaka 1784 karibu na Manchester. Watoto wa umri wake walifanya kazi humo kama saa 12 kwa siku. Malipo yao chakula, nguo na kitanda cha kulala wawili wawili. Hatua chache tu, tajiri alikuwa na jumba na bustani kando ya mto.

"Mama, hawakulalamika?"

"Mwaka 1806 wawili walitoroka mpaka London. Wakarudishwa."

"Na wewe, unalalamika?"

Nilinyamaza. Mimi hufunga mizigo ghalani usiku. Mwezi uliopita saa zangu sita hazikulipwa, nikaogopa kuuliza.

Jumatatu niliuliza, tukiwa watatu. Tunasubiri jibu.