Maneno Yaliyokatwa, Haki Iliyofichika

Alasiri moja tukiwa barazani hapa Bamburi, kijana alipita mbio akisema, "Mariamu!" Mzee mmoja akageuka amtazame huyo bibi. Kumbe lilikuwa gari la polisi.

Waama, msomaji mpenzi, neno hilo lina nasaba yake. Waingereza gari la kuchukulia mahabusu waliliita Black Maria. Vijana wetu wakalikata kichwa, kilichosalia wakakivika kanzu ya kwetu. Kadhalika "kanjo", yaani askari wa mji. Asili yake ni neno la Kiingereza la baraza la mji. Mabaraza hayo yaliondoka mwaka 2013 zilipoingia serikali za kaunti, lakini kanjo yungali yupo.

Sina ugomvi na utani wa vijana. Khofu yangu ni pale neno lililokatwa linapomfichia mtu haki yake. Aliyeibiwa akirudi kituoni kufuatilia shauri lake huulizwa, "OB nambari ngapi?" Herufi mbili tu za Kimombo, na maana yake ni Kitabu cha Matukio. Humo huandikwa malalamiko yako, nawe ukapewa nambari. Asiyejua kuidai nambari hiyo hurudi nyumbani akidhani ameshtaki, kumbe amezungumza tu. Aliyepigwa naye huambiwa habari ya "P3": ni fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yake, ipate kuwa ushahidi mahakamani.

Wezi wa mitandaoni nao wana msamiati wao. Kujifanya benki ili umtajie mtu siri zako huitwa "phishing". Ni neno la Kiingereza la kuvua samaki, ila f imebadilishwa ikawa ph. Wavuvi wetu wangelifahamu mara moja lau wangeelezwa: ule ujumbe ni chambo, na samaki ni wewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya uhalifu wa kompyuta imelifanya jambo hilo kuwa kosa.

Na Kiswahili hakikukosa neno. "PIN" kwetu ni nambari ya siri. Jina lenyewe lakuonya usimpe mtu. Wazee walisema kudukiza, kusikiliza ya watu kwa kificho; leo mdukuzi ni mwenye kuingilia kompyuta ya mtu bila idhini. Nasi tuliosoma chuoni twajua kwamba Suratul Hujurat imekataza kupeleleza siri za watu.

Basi ndugu yangu, ukitupiwa kipande cha neno usione haya. Uliza kilichobaki.